Siongiroi: Nani Alikuchagulia Kazi?

Leo naweka kando programu na seva, tuzungumze historia kidogo.

Wanafunzi wawili wana alama sawa za hisabati. Mmoja amekulia kwenye mashamba ya chai ya Kericho, mwingine Siongiroi. Kwa nini waote kazi tofauti? Mimi naona hivi: mtoto huchagua kati ya kazi anazoziona, na kazi hizo ziliamuliwa kabla hajazaliwa.

Tuanze na Kericho. Miaka ya 1920 kampuni za Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, zilianzisha mashamba makubwa kwenye ardhi ya Wakipsigis. Mwafrika alitakiwa achume chai, si aipande. Milango ya kulima chai yake mwenyewe ilianza kufunguka miaka ya 1950, na KTDA ya wakulima wadogo ikaundwa 1964. Wakati huo nyumba ilikuwa ya kampuni, zahanati ya kampuni, hata shule ya kampuni. Ukikulia hapo, kufanikiwa ni kuwa karani, fundi wa kiwanda au msimamizi. Yaani kuajiriwa!

Siongiroi ni jirani tu, lakini iko upande wa Chepalungu, pakavu zaidi. Huko ni mahindi na ng'ombe. Kijana aliyesoma alitazamia ualimu, au uuguzi kama wa hospitali ya misheni ya Tenwek, iliyoanza 1937. Mfumo wa 8-4-4 ulikuja 1985 ukihubiri kujitegemea, lakini aliyefaulu bado aliondoka kwenda kutafuta mshahara.

Halafu ikaja mitambo ya baridi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa Siongiroi, wakisaidiwa na shirika la Heifer, walianzisha kiwanda chao cha kupoza maziwa. Maziwa hayasubiri, bila baridi huharibika kwa saa chache. Yakishapozwa, yanaweza kungoja lori la mnunuzi mkubwa, na kando yake zikazaliwa kazi: msafirishaji wa maziwa, duka la dawa za mifugo, mtu wa AI (huku AI ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, msicheke). Mkulima akachukua chakula cha ng'ombe kwa mkopo, akakatwa mwisho wa mwezi. Mwaka 2008 mradi wa maziwa wa Afrika Mashariki, uliofadhiliwa na Gates Foundation, ulieneza mpango wa namna hiyo Kenya, Uganda na Rwanda.

Kwa jicho la mtu wa kompyuta, hiyo ni hifadhidata: lita, tarehe, deni, salio. Mtoto anayemsomea mama yake kitabu cha maziwa anajifunza biashara kabla ya kufika chuoni.

Sasa linganisha. Mei 2023, huko Kericho, waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai. Mashine ile ilikuwa ya mwajiri, na kila ilipoingia shambani ilichukua kazi ya mtu. Mtambo wa Siongiroi ulikuwa wa wakulima, ukaleta kazi. Teknolojia zote mbili. Tofauti ni mwenye mali.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, kabla ya kuuliza kozi gani ina soko, uliza mashine za kwenu ni za nani.

Na wewe, ulikulia wapi, na uliona kazi gani? Tuonane tena.