Mlaji wa Pwani huupima mgahawa kwa tui na samaki

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

MAONI ya walaji kuhusu chakula cha mgahawani huchukuliwa na wafanyabiashara wengi kuwa ni suala la ladha tu. Katika ukanda wa Pwani, hata hivyo, maoni hayo yana uzito zaidi, kwa kuwa mara nyingine ndiyo ishara ya kwanza kwamba samaki aliyeandaliwa si salama kuliwa.

Mjini Bagamoyo na katika kijiji cha Kaole, kilichopo umbali wa kilometa tano hivi kusini mwa mji huo, mlaji hutoa hukumu yake kwa maneno machache. Wali hausifiwi kwa wingi wake, bali kwa kukolea nazi. Mchuzi hulaumiwa kwa kuwa maji matupu au kwa kukatika tui, na samaki hukataliwa kwa neno moja tu: amelala.

Desturi ya kukipima chakula cha Pwani ni ya karne nyingi. Msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, aliyepita katika mwambao huu mwaka 1331, aliandika alichokula Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli, ukiambatana na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na achari ya malimau na pilipili. Alishangazwa na wingi wa chakula walichokula wenyeji. Alipofika Mombasa, aliandika kuwa chakula kikuu cha watu wa huko kilikuwa ndizi na samaki.

Kaole yenyewe ilikuwa mji wa bandari enzi hizo. Katika magofu yake, yenye misikiti miwili na makaburi ya kale, vimepatikana vyombo vya kauri kutoka China. Meza ya Pwani, kwa maneno mengine, imezoea vitu vya ng'ambo tangu kale.

Kipimo cha tui

Nazi ikishakunwa kwa mbuzi, hukamuliwa zaidi ya mara moja. Tui la kwanza ni zito na lenye mafuta mengi, na yale yanayofuata ni mepesi. Mpishi mzoefu hutanguliza tui jepesi ili liivishe chakula, kisha humalizia kwa tui zito juu ya moto mdogo huku akikoroga. Akiliacha lichemke kwa nguvu, mafuta hujitenga na maji na mchuzi huonekana wenye chembechembe.

Kwa sababu hiyo, mlaji anayelalamika kuwa tui limekatika anazungumzia uzembe wa jikoni. Anayesema mchuzi ni maji matupu anadai kuwa ametozwa bei ya nazi na kupewa tui la mwisho.

Ufilipino na Pwani

Vipimo hivi si vya Waswahili peke yao. Nchini Ufilipino, mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa kuzalisha nazi, vipo vyakula vingi vinavyopikwa kwa tui, ambavyo kwa jumla huitwa ginataan. Ipo pia supu ya sinigang, ambayo ukali wake hutokana na ukwaju, na adobo, yaani nyama inayopikwa kwa siki, kitunguu saumu na sosi ya soya.

Mlaji wa Bagamoyo akikaribishwa katika mgahawa wa Kifilipino angezitambua nazi na ukwaju bila kuelezwa. Swali lake la kwanza lingekuwa juu ya nyama, kwani adobo mara nyingi hupikwa kwa nguruwe, ingawa huweza pia kupikwa kwa kuku. Kwa Mwislamu, ladha huja baada ya jibu la swali hilo.

Chakula ambacho kingemtia shaka zaidi ni kinilaw, yaani samaki mbichi anayelowekwa katika siki. Siki huibadili minofu ikawa kama iliyoiva, lakini haifanyi kazi ya moto katika kuua minyoo na vijidudu. Samaki wa namna hiyo hana budi kuwa mbichi wa siku hiyohiyo na aliyehifadhiwa vizuri, sharti ambalo mnunuzi katika mnada wa samaki wa Bagamoyo analifahamu vema.

Samaki anapowasha

Samaki mzuri hutambuliwa kwa macho maangavu yaliyojaa, mashavu mekundu, magamba yaliyoshikamana na nyama inayorudi mahali pake inapobonyezwa. Mlaji, hata hivyo, huletewa samaki akiwa amekwishakaangwa au kupakwa nazi, hivyo dalili hizo hazioni tena. Hubakiwa na harufu na ulimi.

Hapo ndipo maoni yake yanapopaswa kusikilizwa. Jodari, vibua na nguru, wakikaa bila barafu baada ya kuvuliwa, huzaliwa bakteria wanaotengeneza kemikali iitwayo histamini. Kemikali hiyo haiondolewi kwa kukaanga, kuchemsha, kukausha kwa moshi wala kugandisha, na samaki huyo anaweza kuonekana mzima kabisa.

Anayemla huhisi mdomo ukiwasha mithili ya pilipili. Ndani ya dakika chache hadi saa chache uso huweza kuwa mwekundu, kichwa kikauma, ngozi ikatoka vipele na tumbo likaharisha. Wengi hudhani ni mzio, kumbe ni sumu iliyotokana na uhifadhi mbaya. Kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya siku moja, lakini anayeshindwa kupumua vizuri anapaswa kuwahishwa hospitali.

Mama lishe anayeambiwa kuwa samaki wake anawasha, ilhali hakutia pilipili, hana sababu ya kubishana na mteja. Anachotakiwa kufanya ni kuacha kuwauzia wengine samaki wa fungu hilo, kumuuliza aliyemuuzia waliwekwa kwenye barafu saa ngapi, na kutomrudisha samaki huyo jikoni kwa kisingizio cha kumkaanga upya.