Neno la Wiki: Mpira na Paipu

Gereji siku hizi kila kinachopitisha petroli huitwa paipu. Hapana. Paipu, neno tulilolichukua kwa Waingereza, ni mrija mgumu wa chuma ambao gari hutoka nao kiwandani. Ule unaopindika, hata ukivikwa wavu wa chuma kisichoshika kutu, ni mpira wa mafuta. Bomba nalo, kutoka Kireno, kwa asili ni pampu, usimchanganye fundi.

Tofauti hii ni ya usalama. Mipira hiyo ya wavu kwa kawaida huishia kwenye koni ya digrii 37, hivyo mdomo wa paipu upanuliwe kwa pembe hiyohiyo. Ukipanuliwa kwa digrii 45, kama ilivyozoeleka, mdomo na koni havishikani sawasawa na petroli huvuja jirani na injini ya moto. Unapoagiza, taja vyote viwili kwa majina yake.