Kuganga Nchi, si Uponyaji wa Ardhi

Nimeletewa hapa Bagamoyo kitini cha historia kinachosema kazi ya mfalme wa Washambaa ilikuwa "uponyaji wa ardhi". Jopo lililopitisha istilahi hiyo silitaji, ila nasema wazi kuwa limeharibu, na limeharibu baada ya kuonywa kwa maandishi.

Jambo lenyewe ni hili. Simba Mwene, yaani mfalme wa Washambaa, akiwa Vugha, mji wake mkuu, dawa za mvua zi mkononi mwake peke yake, nchi huzaa. Huko Washambaa hukuita kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi. Wakishindana wenye uwezo sawa, nguvu kwa nguvu, jua huwaka na njaa huingia; huko ni kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Ndivyo ilivyokuwa mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862: jamaa zake walipigana, na mateka wakateremshwa Pangani kuuzwa.

Sasa tazama maneno. "Ardhi", tuliyopewa na Kiarabu, leo ni ya hati, viwanja na mabaraza ya usuluhishi. Shi ya Washambaa ni nchi, ileile nti ya Mombasa: udongo, mvua, watu na utawala wao kwa pamoja. Mfalme hakuwa akitibu udongo. "Kuponya" nako hutaja matokeo, hakutaji kazi. Tena siku hizi kumehamia kwenye mikutano ya injili.

Kuganga ndiko kazi. Mzizi wake ni wa Kibantu, umeenea mpaka Kongo kwa akina nganga, na maana yake kongwe ni kufunga pamoja. Kilichovunjika hugangwa kikashikana. Gango ni kile kinachokishikanisha. Methali yetu inatutaka tugange yajayo, nayo yajayo hayana homa wala kidonda. Basi nchi iliyopasuliwa na nguvu kwa nguvu itahitaji kitenzi gani kingine?

Wapo waliodai katika kikao cha jopo kwamba kuganga kunanuka ramli na tunguri. Dai hilo limenikera kuliko yote, maana linawatukana wahenga kwa kutojua lugha. Serikali yenyewe ina Mganga Mkuu wa Mkoa, na cheo hicho hakijamfedhehesha daktari yeyote.

Matumizi: kuganga nchi, ugangaji wa nchi, mganga wa nchi. Istilahi hii haimfai mfalme wa Vugha peke yake. Wazaramo wa huku kwetu hawakuwa na mfalme mmoja, lakini walipeleka wajumbe Uluguru, kwenye pango la Kolelo, kuomba mvua. Nao walikuwa wakiiganga nchi. Kitini kinachomtegemea mfalme na udongo hakina neno la kuwaeleza, na kabla hakijafika madarasani kirudishwe kisahihishwe.