Wahandisi wa Mvuke wa Olkaria

Ndabibi iko magharibi mwa Ziwa Naivasha, baina ya milima ya Eburru na Olkaria, na chini ya milima hiyo umejaa mvuke. Mwaka 1956 mambo mawili yalianza Kenya. Visima vya majaribio vilichorongwa Olkaria, vikashindwa. Huko Nairobi, Royal Technical College, iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilifungua milango kwa wanafunzi wake wa kwanza. Wakati huo wahandisi Waafrika walikuwa wachache mno.

Uchorongaji ulirejea miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kuzalisha umeme. Mingine miwili ya ukubwa huohuo ilifuata, wa mwisho mwaka 1985. Shahada pekee haikutosha kuiendesha. Mhandisi wa mvuke hupima presha kwenye mdomo wa kisima, hutenganisha mvuke na maji ya moto, na hulazimika kujua madini ya silika yatagandia wapi ndani ya mabomba. Ujuzi huo Wakenya waliufuata Iceland, ambako Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilianzisha mafunzo ya jotoardhi mwaka 1979. Katika miezi sita mwanafunzi alishika tawi moja la fani hiyo na kuandika ripoti ya mradi, mara nyingi kuhusu visima vya nchini kwake. Hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Jambo kubwa zaidi ni kwamba waliorudi waligeuka walimu: tangu katikati ya miaka ya 2000, kozi fupi hufanyika Naivasha na kupokea wataalamu kutoka nchi nyingine za Afrika.

Nchini Marekani, ambako wahandisi Weusi pia walikuwa wachache, shida ilikuwa darasani kwenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Purdue, wanafunzi Weusi wengi waliacha uhandisi mwaka wa kwanza. Wenzao waliunda chama mwaka 1971 ili wasaidiane kubaki, na mwaka 1975 kikapanuka kuwa jumuiya ya kitaifa ya wahandisi Weusi, NSBE. Katika Kenya huru pengo lilikuwa mbele zaidi, kati ya cheti na kazi. Taasisi ya Wahandisi wa Kenya, iliyoundwa mwaka 1972, ina wanachama wanafunzi, nayo Sheria ya Wahandisi ya 2011 humtaka mhitimu apate uzoefu wa kazi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu.