Mizani na Kikao: Historia Fupi ya Bodi za Afya za Halmashauri

Mwaka 2026 inatimia robo karne tangu Bunge la Tanzania lipitishe Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) mwaka 2001. Wengi wanaikumbuka kwa sababu ya kadi ya CHF, ile iliyokaa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Lakini sheria hiyo ilikipa nguvu chombo ambacho wananchi wachache hukitaja kwa jina: Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri, na chini yake kamati za afya za kata na kamati za usimamizi wa zahanati na vituo vya afya. Hapo ndipo mkulima, mwalimu mstaafu, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa na mwakilishi wa hospitali ya misheni wanapokaa meza moja na Mganga Mkuu wa Wilaya, wakamuuliza fedha zimekwenda wapi na dawa zimekwisha kwa nini. Makala hii inawaenzi watu hao. Inaeleza pia jambo ambalo kwa maoni yangu limewapunguzia uzito: walikabidhiwa zahanati, lakini kazi ya lishe ikapita mlango mwingine.

Historia yao inaanza kabla ya mwaka 2001. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na kazi za halmashauri zikashikwa na maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Kipindi hichohicho ndicho nchi ilipoamua kuelekeza nguvu zake katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, badala ya hospitali kubwa za mijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisoma pamoja, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba. Mwaka huohuo ilitungwa sheria iliyounda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, TFNC, iliyoanza kazi chini ya Dk. T. N. Maletnlema. Zahanati zikawapo, elimu ikawapo, taasisi ya kitaifa ya lishe ikawapo. Baraza la kuchaguliwa la kuyasimamia yote hayo wilayani ndilo lililokuwa limeondolewa. Miji ilirudishiwa halmashauri mwaka 1978, baada ya huduma zake kuzorota, na wilaya zikafuata kwa sheria za mwaka 1982.

Muda mfupi baadaye, kabla bodi yoyote ya afya haijaundwa, Iringa ilionyesha jinsi wananchi wanavyoweza kusimamia afya yao wenyewe.

Mkoa wa Iringa, ambao wakati ule ulikuwa bado na Njombe, Ludewa na Makete ndani yake, ulihesabiwa miongoni mwa mikoa minne iliyokuwa ghala la mahindi la taifa. Hata hivyo watoto wake walikuwa wamekonda. Mwishoni mwa mwaka 1983 ulizinduliwa mpango wa lishe uliosaidiwa na WHO na UNICEF kwa fedha za serikali ya Italia, ukaanza katika vijiji 168. Mtu aliyetegemea kuona magunia ya unga wa msaada angeshangaa, kwa kuwa kifaa kikuu cha mpango huo kilikuwa mizani.

Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilifanya siku ya afya. Mizani ilitundikwa kwenye boriti au kwenye tawi la mti. Mtoto alivalishwa kaptura ya kitambaa yenye kamba, akaning'inizwa huku analia, mhudumu wa afya wa kijiji akasubiri mshale utulie. Uzito uliandikwa kwa nukta kwenye kadi yenye njia tatu za rangi. Kijani ilikuwa salama, kijivu ilikuwa onyo, nyekundu ilikuwa hatari. Mpaka hapo hakuna jipya, kwani kliniki nyingi zilikuwa zikipima watoto na kuwaandikia. Jipya lilikuja baada ya mizani kushushwa. Hesabu ya kijiji ilijumlishwa palepale: watoto wangapi wamepimwa, wangapi wako kwenye nyekundu, wangapi wamefariki tangu siku ya afya iliyopita. Karatasi hiyo haikufungwa kwenye bahasha ikasubiri gari la wilaya. Ilipelekwa kwenye halmashauri ya kijiji, na mwenyekiti, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa kuamua mipaka ya mashamba na michango ya shule, akatakiwa kueleza kwa nini watoto wa kijiji chake wako kwenye nyekundu wakati maghala yamejaa.

Majibu yalitoka kwa wanakijiji wenyewe. Mama hutoka alfajiri kwenda shamba la mbali na kurudi jioni. Mtoto wa mwaka mmoja hula mara mbili kwa siku, na chakula chenyewe ni cha wakubwa. Uji ukiwa mzito hawezi kuumeza, ukizimuliwa kwa maji unamjaza tumbo bila kumpa nguvu. Hapo ndipo wataalamu wa TFNC walipopendekeza kimea, kitu ambacho watengenezaji wa pombe ya kienyeji walikuwa wakikijua siku zote. Nafaka inalowekwa, inaachwa iote, inaanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha kimea kikitiwa kwenye uji mzito ulio vuguvugu, uji unalainika na kuwa wa kunyweka bila kuongezewa tone la maji. Vijiji vingine vilianzisha mahali pa kulelea watoto na kuwapa uji wakati wa kilimo. Mzigo wa kazi wa wanawake ukawa ajenda ya kikao cha wanaume, jambo ambalo naliona kubwa kuliko mashine yoyote iliyowahi kupelekwa mkoani humo.

Kati ya mwaka 1984 na 1988, katika vijiji vya mwanzo, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka takriban asilimia 56 hadi 38, na wenye utapiamlo mkali kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Mpango ulienea katika vijiji vingine vya mkoa, kisha utaratibu wake ukachukuliwa na mikoa mingine. Mfumo wa kufikiri uliozaliwa kule, wa kutathmini, kuchambua na kutenda, kisha kuanza upya, ulibebwa na wataalamu waliofanya kazi hapo, akiwemo Urban Jonsson wa UNICEF, hadi ukawa msingi wa mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990 uliotumika duniani kote. Kina mama waliosimama kwenye foleni ya mizani hawakujua kwamba wanaandika kitabu cha wengine.

Miaka ya 1990 ilikuja na shida nyingine. Serikali haikuwa na fedha za kuendesha huduma bure kama ilivyokuwa imeahidi, na mwaka 1993 ikaanza kutoza ada hospitalini. Mwaka 1994 ulianza mpango wa kurekebisha sekta ya afya, na wazo lake kubwa lilikuwa kuyarudisha wilayani mamlaka ya kupanga na kutumia fedha. Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ikawa ya kwanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996. Kaya ilichangia kiasi kidogo kwa mwaka mzima, na serikali ikaongeza kiasi kilekile kwa utaratibu ulioitwa tele kwa tele. Hapo swali likajitokeza lenyewe: mwananchi akishatoa fedha yake, nani atamlindia? Daktari hawezi kuwa mtoa huduma, mtunza fedha na mkaguzi wa hesabu kwa wakati mmoja. Bodi za afya zilizaliwa kutokana na swali hilo, na sheria ya mwaka 2001 ikaziwekea msingi.

Mjumbe wa bodi anayetoka kwa wananchi huomba nafasi, hachaguliwi kwa chama. Wanakaa naye wawakilishi wa vituo binafsi na vya mashirika ya dini, pamoja na watu wa halmashauri, na Mganga Mkuu wa Wilaya ndiye katibu. Kazi yao ni kupitia Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri kabla haujafika kwa madiwani, kufuatilia mapato na matumizi, kusikiliza malalamiko, na kuhakikisha vituo vina watumishi, dawa na vifaa. Kwenye karatasi mamlaka hayo ni mapana. Mezani, katibu ndiye anayeandaa ajenda, ndiye anayezijua istilahi, na ndiye mwenye gari la kumpeleka mjumbe kwenye zahanati ya mbali. Mjumbe anayepewa kabrasha la mpango asubuhi ya kikao hawezi kulichambua kufikia saa sita mchana. Ziko halmashauri ambako muda wa bodi uliisha na mpya ikachelewa kuundwa, na shughuli zikaendelea kana kwamba hakuna kilichopungua. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Timu za afya za wilaya zilipopata takwimu za kweli, mambo yalikuwa tofauti, na Rufiji ni ushahidi. Kuanzia mwaka 1996 mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya kwa kushirikiana na shirika la IDRC la Canada, uliwapa wapangaji wa Rufiji na Morogoro Vijijini picha rahisi: magonjwa gani yanaua watu hapa, na bajeti inakwenda kwenye magonjwa gani. Malaria ilikuwa ikichukua sehemu kubwa ya maisha na sehemu ndogo ya fedha. Wakahamisha fedha. Vyandarua vikaongezwa, wahudumu wakafundishwa kumtibu mtoto kwa kumwangalia mzima badala ya ugonjwa mmoja mmoja, majengo yakakarabatiwa kwa nguvu za wanavijiji. Nyongeza yote haikufika dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Vifo vya watoto Rufiji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka mitano hivi.

Badiliko kubwa kwa kamati za zahanati lilikuja mwaka wa fedha 2017/18. Kabla yake fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilikaa wilayani, na mganga mfawidhi aliyetaka kununua kitasa cha mlango wa chumba cha kujifungulia alilazimika kuandika barua na kusubiri. Sasa fedha zikaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kamati ya usimamizi ikawa na kitu cha kusimamia. Inaketi, inapitisha manunuzi, inaangalia kama Bohari ya Dawa imeleta kilichoagizwa na kama kilichokosekana kimenunuliwa kwa mshitiri, yaani muuzaji aliyeteuliwa. Mwanakamati aliyewahi kuitwa kwenye kikao ili kupokea taarifa tu, leo anaulizwa kama tuanze na godoro au na tangi la maji. Ukitaka kujua kama kamati ya mahali ni hai, soma ubao wa matangazo wa zahanati: kama mapato na matumizi ya robo mwaka yamebandikwa na tarehe ni ya karibuni, kamati ipo.

Lishe, wakati huo, ilikuwa imeshika njia yake. Kuanzia mkakati wa kitaifa wa mwaka 2011 halmashauri zilianza kupata maofisa lishe na kamati maalumu ya lishe chini ya Mkurugenzi. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ni hatua ya kuheshimiwa. Mtendaji wa kata anaulizwa juu ya udumavu kama anavyoulizwa juu ya ushuru, na siku ya afya ya kijiji imerudi kwa jina la Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kila robo mwaka kama zamani.

Lakini mkataba wa lishe unasainiwa kati ya kiongozi na kiongozi aliye juu yake. Mkuu wa wilaya anajibu kwa mkuu wa mkoa. Kadi ya alama za utekelezaji wa mkataba inakwenda juu. Bodi ya afya, ambayo ndiyo ya wananchi, inabaki na vitanda, dawa na madai ya bima, na hata bima yenyewe ilihamia mkoani pale CHF iliyoboreshwa ilipoanza mwaka 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Kwa hiyo mtoto huyuhuyu anapimwa kwenye zahanati inayosimamiwa na kamati moja, na uzito wake unajadiliwa na kamati nyingine ambayo mama yake hana mwakilishi ndani yake.

Kitaifa udumavu umepungua, kutoka takriban asilimia 50 mwaka 1991/92 hadi 34 mwaka 2015/16 na 30 mwaka 2022. Utafiti wa kitaifa wa mwaka huo wa 2022 uliikuta Iringa na asilimia 56.9, juu kuliko mkoa wowote, na Njombe inayofuata ikiwa na 50.4. Udumavu hupimwa kwa urefu na umri, kwa hiyo tarakimu hizi hazilinganishwi moja kwa moja na zile za uzito za mwaka 1988. Bado ni vijiji vya mahindi vilevile, na maswali ya shamba la mbali, uji na mzigo wa mama hayajaondoka.

Hakuna sheria inayoizuia bodi kuyauliza. Afisa lishe anaweza kuitwa kwenye kikao chochote cha bodi, na kamati ya zahanati inaweza kuomba jumla ya siku ya lishe ya kijiji kabla haijagusa orodha ya manunuzi: wamepimwa wangapi, wangapi hawakuletwa, wanaishi kitongoji gani. Mganga mfawidhi anazo tarakimu hizo kwenye rejesta yake, na kamati inayo akaunti ya benki ambayo halmashauri za vijiji vya Iringa za mwaka 1984 hazikuwa nayo.