Debe Tupu Lina Bei

Mazungumzo haya yamepigwa chapa ili myasome pole pole baada ya kuyasikia redioni. Aliyetangulia kujua kusoma na amsaidie mwenzake. Mkikuta neno gumu, lisomeni mara ya pili kabla ya kuendelea.

Leo tutajifunza historia. Lakini si historia ya wafalme, wala si ya vita. Ni historia ya debe. Pengine wewe unalo moja nyumbani kwako sasa hivi. Huenda lina maji, au lina mahindi, au limetoboka nawe umelipandia maua. Ni kitu cha kila siku, wala hatukifikirii. Hata hivyo, kitu hiki kiliwahi kumfundisha hesabu tajiri mmoja wa London. Tutaona jinsi ilivyokuwa.

Kwanza tujiulize: kabla ya debe, watu walitumia nini? Maji yalichotwa kwa mtungi wa udongo au kwa kibuyu. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne ni pishi moja. Taa za pwani ziliwashwa kwa mafuta ya nazi au ya ufuta. Vyombo hivyo vilikuwa vizuri, lakini mtungi ukianguka umekwisha, na kibuyu kikipasuka hakina fundi.

Mwaka 1859, huko Pennsylvania katika nchi ya Marekani, mtu mmoja jina lake Edwin Drake alichimba kisima akapata mafuta ya ardhini. Mafuta hayo yakisafishwa hutoa mafuta ya taa. Miaka michache baadaye Wamarekani walianza kuyauza nchi za mbali. Yalisafirishwaje? Yalitiwa ndani ya madebe ya bati yenye pembe nne. Kila debe lilichukua galoni tano za Kimarekani, yaani karibu lita 19. Galoni ya Kiingereza ni kubwa kuliko ya Kimarekani, na kwa sababu hiyo watu wa kwetu walizoea kusema kwamba debe ni galoni nne. Madebe mawili yalitiwa katika sanduku moja la mbao ili yasibonyee melini.

Kabla ya mwaka 1900 mafuta hayo yalikuwa yakiuzwa Unguja na katika bandari nyingine za pwani yetu, na kutoka huko yakaenda bara. Jina la debe lenyewe tulilipata kwa Wahindi.

Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini. Mwenye duka alidhani anauza kitu kimoja, yaani mafuta. Mama wa nyumbani alijua kwamba ananunua vitu viwili: mafuta na debe. Mafuta yaliwaka yakaisha. Debe lilibaki.

Debe lililobaki lilifanya kazi nyingi. Lilikatwa juu, likatiwa mti wa kushikia, likawa chombo cha kuchotea maji. Lilifunguliwa likanyoshwa kwa nyundo, likawa bati la kuezekea paa au la kuzibia mlango. Vipande vidogo vilimfikia fundi bati. Yeye, kwa mkasi wake na lehemu yake, alitengeneza kibatari, faneli, kikombe na kopo la kukaangia bisi. Aliyetaka kuoka mkate alilaza debe ubavu, akaweka moto chini na makaa juu. Na lile sanduku la mbao? Likawa kiti, au kabati ya vyombo. Hakuna kilichotupwa.

Debe likawa kipimo pia. Hapa, ndugu msomaji, ndipo hesabu inapokuwa ngao. Gunia la mahindi la kilo 90 ni madebe matano, kila debe kilo 18. Lakini wako wanunuzi waliogonga debe kutoka ndani kwa nyundo mpaka likatanuka, likachukua kilo 20. Mkulima aliyeuza madebe matano kwa kipimo hicho alitoa kilo 100, akalipwa za kilo 90. Kilo 10 zimekwenda bila ya mtu kuziona. Aliyejua hesabu alileta debe lake mwenyewe, au alidai mizani. Asiyejua alirudi nyumbani akishangaa kwa nini ghala limekuwa tupu mapema.

Mambo haya hayakuwa ya kwetu peke yetu. Madebe yale yale ya Marekani yalifika pia Asia, na watu wa huko walifanya kama sisi. Na sasa tumefika kwa yule tajiri wa London.

Aliitwa Marcus Samuel. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa makombe ya baharini na visanduku vilivyopambwa kwa makombe. Samuel alitaka kushindana na kampuni kubwa ya Marekani, Standard Oil, ambayo madebe yake ya buluu yalijulikana kila mahali. Alipiga hesabu akaona kwamba bati na mbao ni gharama, na masanduku yanachukua nafasi kubwa melini. Akasema, afadhali mafuta yamiminwe ndani ya tumbo la meli yenyewe, yasafiri bila madebe. Yatakuwa rahisi, na watu watayakimbilia.

Akaagiza meli ya namna hiyo iundwe. Iliitwa Murex, jina la konokono mmoja wa baharini. Mwaka 1892 meli hiyo ilipakia mafuta ya Urusi katika bandari ya Batum. Mwezi wa Agosti ikapita katika Mfereji wa Suez, nayo ilikuwa meli ya kwanza ya mafuta kupita hapo. Ikashika njia ya Singapore na Bangkok. Samuel alitumaini kwamba wanunuzi watakuja na vyombo vyao wenyewe.

Hawakuja. Mafuta yalikuwa mazuri na bei ilikuwa nafuu, lakini watu hawakuyataka. Kwa nini? Kwa sababu hayakuwa na debe! Katika nchi zile debe la buluu lilikuwa paa la nyumba, lilikuwa tundu la ndege, kikombe na kichujio cha chai. Mafuta bila debe yalikuwa kwao nusu ya bidhaa.

Samuel alifanya nini? Hakubishana na wanunuzi. Alipeleka bati Asia, akaweka watu wa kutengeneza madebe huko huko, akayapaka rangi nyekundu. Muda si muda, mapaa ya buluu yakaanza kuchanganyika na mapaa mekundu. Mwaka 1897 alianzisha kampuni akaiita Shell, maana yake kombe la baharini. Jina hilo lingali likionekana katika vituo vingi vya mafuta.

Tazameni basi. Tajiri mwenye meli alihesabu bati, mbao na nafasi ya melini, lakini hakumhesabu mama aliyekaa jikoni akitazama debe tupu. Mama yule hakuandika barua, wala hakwenda barazani kulalamika. Alikataa tu kununua. Kila nyumba peke yake ilikuwa ndogo, lakini nyumba zote pamoja zilimfanya mwenye meli abadili kazi yake. Watu wengine hudhani kwamba kutunza kitu kilichokwisha kutumika ni dalili ya umaskini. Sivyo. Ni kujua thamani ya kitu chako kuliko anavyoijua aliyekuuzia.

Akili hiyo haikuisha pamoja na madebe ya zamani. Katika Kenya mafundi wa bati walikuwa wakitengeneza majiko ya makaa kwa mabati yaliyokwisha kutumika. Majiko hayo yalikuwa na kasoro moja: joto lilipotea ubavuni, na makaa yakaisha upesi. Miaka ya mwanzo ya 1980 lilitengenezwa jiko jipya. Wazo moja lilitoka kwa jiko la Thailand, nchi ambayo Bangkok ni mji wake mkuu. Ndani ya bati kuliwekwa udongo uliochomwa, nao hulizuia joto lisitoke. Makaa yaliyotosha siku mbili sasa yanaweza kukaribia siku tatu. Hapo tena bati kuukuu na udongo wa kawaida vilileta faida nyumbani.

Siku hizi maji huchotwa zaidi kwa madumu ya plastiki. Lakini debe limebaki, hata katika lugha. Mtu akisifia jambo mbele ya watu tunasema anapiga debe, na anayeita abiria kituoni ni mpiga debe. Na wazee husema: debe tupu haliachi kuvuma.

Neno la mwisho la hadhari. Debe au dumu lililokuwa na dawa ya wadudu lisitiwe maji ya kunywa wala chakula, hata ukilisafisha mara kumi. Kutunza mali ni vizuri, lakini uhai ni zaidi.

Maswali ya darasani

1. Mwenye duka aliuza nini, na mama wa nyumbani alinunua nini?
2. Kwa nini mafuta ya Marcus Samuel hayakununuliwa mwanzoni?
3. Mkulima ameuza madebe 20 ya mahindi kwa debe la kilo 20, akalipwa kana kwamba kila debe ni kilo 18. Amepunjwa kilo ngapi?
4. Taja kitu kimoja nyumbani kwako ambacho kazi yake ya kwanza imekwisha. Andika mistari mitatu ueleze kazi nyingine kinayoweza kufanya.

Someni majibu yenu kwa sauti mbele ya wenzenu. Kwa herini.