Talaka na malezi ya watoto nchini Tanzania

Talaka katika Tanzania Bara ni uvunjaji wa ndoa unaothibitishwa na mahakama kwa kufuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inahusu ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali. Haitumiki Zanzibar, ambako mashauri ya ndoa ya Waislamu husikilizwa na mahakama za kadhi.

Kuomba talaka

Kwa kawaida mgogoro hupelekwa kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha wanandoa, baraza hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Hati hiyo huambatanishwa na maombi ya talaka, nayo isiwe imetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya maombi kufunguliwa. Hatua hiyo si lazima ikiwa, kwa mfano, mwenzi ameondoka na hajulikani alipo, au amefungwa gerezani kwa miaka 5 au zaidi.

Maombi hufunguliwa katika mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi au Mahakama Kuu. Ndoa isiyotimiza miaka 2 huhitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

Mwombaji anatakiwa kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ushahidi unaweza kuwa uzinzi, ukatili, au kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka 3 au zaidi. Katika ndoa ya Kiislamu, talaka iliyotolewa kidini baada ya baraza kushindwa kusuluhisha huifanya mahakama itamke kwamba ndoa imevunjika.

Malezi ya watoto

Mtoto si mali ya kugawanywa kama nyumba au shamba. Katika kuamua akae na nani, mahakama hutanguliza ustawi wake. Kisha huangalia matakwa ya wazazi, mila za jamii yao, na maoni ya mtoto mwenyewe kama anaweza kujieleza.

Mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, lakini baba anaweza kuleta ushahidi wa kupinga hilo. Mahakama huzingatia pia ubaya wa kumhamishahamisha mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto wa wazazi walioachana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu, na ya kumtembelea mzazi asiyekaa naye, isipokuwa ziara hizo zikivuruga masomo yake.

Baba ana wajibu wa kuwatunza watoto wake hata kama wanaishi na mama. Kwa hiyo kunyimwa malezi hakumwondolei wajibu huo. Hali ikibadilika, mzazi anaweza kuiomba mahakama ibadilishe amri ya malezi au ya matunzo. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa.